Karatasi Mbili Zilizofanana

Kabla ya darubini, tafuteni punje za mahindi. Ishirini zinatosha. Zitie mfuko wa kushoto, na kila ukimaliza ndege kumi hamisha punje moja iende mfuko wa kulia. Usihesabu kwa mdomo. Ukihesabu kwa mdomo, mtu akikusalimia tu umepotea, na Usangu hapiti mtu bila kukusalimia, tena akishakusalimia atataka habari za nyumbani, za watoto na za mvua ya huko utokako. Punje zinakusubiri mpaka mmalize.

Hilo nilifundishwa na Mzee Kivamba, aliyenipokea kazini. Nimeliweka mbele kwa sababu ndilo mliloliomba, ninyi vijana mnaoanza kuhesabu ndege wa majini. Kiongozi wenu alinifuata hapa kwangu Soweto, Mbeya, akakaa kwenye kochi, akasema, "Baba, tuandikie uzoefu wako. Sisi tumesoma vitabuni tu." Nikamwambia mimi ni darasa la saba. Akasema haina shida. Hajui alichokiomba, maskini. Uzoefu wangu mkubwa katika kazi ile ni aibu, na sijawahi kuisimulia yote mahali pamoja. Nitaisimulia hapa. Waliohusika nitawataja, na wa kwanza ni mimi, Festo.

Kituo changu kilikuwa bwawa la Nyangwa, wilaya ya Mbarali. Unashuka Igawa kwenye barabara kuu, unawaacha wauza mchele na vitunguu wakigombania abiria wa mabasi, unapanda pikipiki kuingia tambarare ya Usangu mpaka mgongo ukuambie umefika. Upande wa mashariki wa bwawa aliishi Masanja na familia yake. Ni Msukuma, walihamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini kabla mimi sijaanza kazi. Masanja ndiye aliyekuwa akinitunzia mtumbwi. Mkewe hakuniruhusu kwenda majini kabla sijanywa maziwa ya mgando. Masanja aliniita mdogo wangu, na wanawe wawili, waliokuwa vijana wakubwa tayari, waliniita baba mdogo. Kwa hiyo mkisikia nililolifanya, jueni nililifanyia watu gani.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika yangeyange, wale ndege weupe, arobaini ng'ambo ya bwawa. Mzee Kivamba akaisoma karatasi, akatazama ng'ambo, akaisoma tena.

"Festo, hawa yangeyange wako wameandikwa kilo hamsini."

Ilikuwa mifuko ya mbolea iliyotupwa na wakulima wa mpunga, upepo ukiipandisha na kuishusha. Nikajitetea kwamba ilikuwa mbali.

"Basi andika ni mbali, hukuona vizuri. Hiyo nayo ni hesabu."

Sikumwelewa. Niliona ni maneno ya mzee mwenye macho mabovu. Neno lake jingine lilikuwa hili: sikuona na sikwenda si ndugu. Ukienda usione ndege, andika sifuri. Usipokwenda, andika hukwenda. Sifuri ni ushahidi. Ukiiweka mahali ambapo mguu wako haukufika, umetoa ushahidi wa uongo dhidi ya ndege, naye hana wakili. Nimewajua watu waliojaza sifuri za mwezi mzima wakiwa Igawa wanakula chipsi. Mmoja wao alikuwa bosi wangu, Bwana Kaduma, enzi anahesabu. Ndiyo maana alipanda cheo upesi: karatasi zake hazikuwahi kulowa.

Mzee Kivamba alifia majini. Kiboko aliuinua mtumbwi wetu asubuhi moja kama mtu anavyoinua sinia. Mimi niliangukia upande wa matete, yeye akaangukia upande wa kina. Maboya tulikuwa tumeyaomba mwaka mzima, na Kaduma, aliyekuwa msimamizi wetu pale Mbeya, alijibu kila mara kwamba barua inashughulikiwa. Mpaka leo akinikuta sokoni ananiita "mtoto wa bwawani" na kucheka. Ndivyo nilivyokuwa mkuu wa wahesabuji. Sikuwa mkuu kwa kujua zaidi. Niliangukia kwenye matete.

Sasa nije kwenye karatasi.

Mwenye shamba kubwa la mpunga upande wa chini aliomba ruhusa ya kuchimba mfereji ayatoe maji ya Nyangwa. Kamati iliyohusika ikasema: kama bwawa lina ndege wengi, maji yabaki, kama ndege wamekwisha, hakuna sababu ya kumnyima. Wakatuomba sisi hesabu. Masanja alilielewa jambo hilo haraka kuliko mimi.

"Mdogo wangu," aliniambia tukiwa tunaziba mtumbwi kwa lami, "kwenye karatasi haya maji ni ya ndege. Mimi huko kwenye karatasi sipo, wala ng'ombe wangu hawapo. Sasa uwahesabu vizuri hao ndege, maana sisi tunakunywa kwa jina lao."

"Usiwe na wasiwasi. Mimi ndege hanipiti."

"Nasikia. Lakini matete mwaka huu yamekuwa msitu."

Ni kweli. Mvua za miaka miwili zilikuwa nzuri na matete yalipita kichwa cha mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Nilikuwa nimeshahesabu mara mbili mwaka ule nikapata ndege wachache. Nikaandika wachache, nikapeleka.

Ofisi yetu kubwa ya Iringa ikamtuma mtaalamu wa takwimu, Daktari Atupele. Binti mwembamba, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwenye buti za mpira. Nilimdharau tangu aliposhuka kwenye gari kwa sababu aliuliza maswali ambayo niliyaona ya kitoto.

"Baba Neema, umeandika ndege wachache. Wamepungua, au wapo ila hamkuwaona?"

"Kama wapo ningewaona."

"Wote?"

"Wote."

Hakunibishia. Alituambia shida ya njia yetu ya zamani ni kwamba tunahesabu tulichoona, halafu Iringa inaandika kwamba hicho ndicho kilichopo. Ndege wakipungua na matete yakirefuka, kwenye karatasi vyote viwili vinafanana. Alitaka njia inayotenganisha, na hakuichagua peke yake. Alituketisha chini ukingoni akatuuliza ipi tutaiweza.

Ya kwanza ilikuwa kukadiria umbali. Unaandika kila kundi liko mbali kiasi gani, naye kwa hesabu zake anajua macho yanaanza kukosa kuanzia wapi. Akatujaribu. Akaonyesha kisiki katikati ya maji. Mimi nikasema mita mia. Masanja, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akasema mita mia tatu. Dereva wao akasema ni kama kutoka msikitini mpaka kwa shangazi yake. Tukapima kwa kamba, na aliyekaribia kuliko wote alikuwa dereva. Daktari akacheka mpaka akakaa kwenye majani. Akasema hiyo tuiache, juu ya maji macho yanadanganya, na kutufundisha kungechukua miezi ambayo hatuna.

Ya pili ndiyo akaichagua. Watu wawili, ukingo mmoja, wakati mmoja, kila mtu na karatasi yake. Kila kundi unaloliona unaandika liko wapi, saa ngapi, wangapi. Hakuna kuongea, hakuna kuonyeshana. Akaeleza kwa mchele, kwa kuwa tulikuwa Mbarali. "Wewe umechambua mawe kwenye sinia ukasema yameisha. Mwenzako akichukua sinia hilohilo akapata mawe mengine matano, najua bado yamo. Asipopata hata moja, najua sinia ni safi. Kwa hiyo msiogope kutofautiana. Mimi kutofautiana kwenu ndiko ninakokutaka. Hapo ndipo ninapopata ndege ambao hakuna aliyewaona."

Ni njia nzuri. Sijui kama mnaitumia bado. Haikuwa na kosa lolote ila sisi.

Kaduma aliniambia nitafute mtu wa pili ninayemwamini. Nikamleta Amani, mume wa binti yangu Neema, aliyekuwa hana kazi. Ana macho kama mwewe. Daktari Atupele akatuangalia tulivyosimama, Amani hatua nne nyuma yangu na uso ameuinamisha.

"Ni ndugu yako?"

"Ni mkwe wangu."

"Baba, kwetu mimi mkwe akikuona unakuja anabadili njia. Huyu ataweza kuandika tofauti na wewe?"

"Kazi ni kazi," nikamjibu.

Kwetu, kwa ambao hamjui, mkwe hamwambii baba mkwe amekosea. Hata chumvi ikizidi kwenye chakula nilichokisifu, ataila. Nilijua hivyo. Nilijua, na nilikuwa nimempenda kwa sababu hiyo hasa. Halafu siku moja kabla ya kazi Kaduma akapiga simu: "Hakikisheni hizo karatasi haziiaibishi ofisi. Watu wazima wawili wanatazama maji yaleyale, mmoja anasema hili mwingine lile, tutaonekana wahuni." Mtaalamu ametuambia tutofautiane, bosi ametuambia tufanane. Nilimsikiliza yule aliyekuwa akisaini posho yangu.

Siku yenyewe tulisimama upande wa mashariki jua likiwa bado chini. Nikaandika: mwari watatu, mnandi kwenye kisiki, bata maji makundi mawili. Ndani ya matete sikuona kitu. Ndama wa Masanja akaingia ukingoni kunywa, nikasikia mbawa, nikageuka nikachelewa. Amani alikuwa ameinua kalamu.

"Baba, pale kwenye matete..."

"Pale nini?"

"Nilidhani nimeona."

"Umeona au umedhani?"

Akatazama buti zake. "Labda nimekosea, baba."

"Basi usiandike dhana."

Mmesikia? Hatukutakiwa kuongea hata neno moja. Na baada ya hapo hakuinua kalamu mpaka aone yangu imeinuka. Mwisho akaniuliza kwa adabu kama anaweza kutazama karatasi yangu, "nisije nikapishana na wewe, baba." Nikampa. Nilifurahi. Nilijiona nina mkwe mwenye malezi.

Daktari Atupele alizikunjua zile karatasi mbili kwenye boneti la gari, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Hamjatofautiana hata kundi moja?"

"Macho ya nyumba moja, Daktari."

Hakucheka. "Baba, kama karatasi hizi ni za kweli, maana yake matete haya hayafichi ndege hata mmoja. Hesabu itasema mlichokiona ndicho kilichopo, basi. Itasema hivyo kwa uhakika mkubwa kuliko ile njia ya zamani. Unanielewa? Ni kweli hamkuongea?"

"Ni kweli."

Aliomba apewe watu wengine wawili arudie. Kaduma akamnyima, kamati inakutana Ijumaa, akasema, na vijana wa chuo wanapenda kurudia rudia.

Jumatano Neema alikuja nyumbani peke yake. Alisalimia, akapiga magoti, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya khanga.

"Baba, Amani amenituma."

Ulikuwa mwandiko wa Amani, mambo aliyoyaweka kichwani siku ile. Ukingo wa mashariki, ndani ya matete, makundi kumi na moja. Saa zimeandikwa, mahali pameandikwa. Mengine wale wadogo wa kahawia ambao wakijikunja wanafanana na udongo, mengine bata wenye vifaranga. Kwenye karatasi yangu mahali hapo pote pana sifuri.

"Mbona hakusema?"

"Angesemaje, baba?"

"Ana mdomo."

"Kwako hana."

Nikawaka. Nikamwambia amwambie mumewe kwamba kazi hii niliianza yeye akiwa anachezea tope. Neema aliiweka karatasi chini ya kikombe changu, akaaga, akaondoka. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Nilijua ni ya kweli. Zile mbawa nilizisikia mwenyewe.

Niliitia mfuko wa koti, Ijumaa nikaenda nayo Iringa.

Mnaijua baridi ya Iringa. Hakuna aliyevua koti ndani ya ukumbi ule. Daktari Atupele alisoma majibu akiwa ameinamia meza, halafu akaongeza kwamba ana wasiwasi na jinsi karatasi zilivyojazwa, anaomba wiki mbili. Kaduma akasimama. "Mwenyekiti, wahesabuji wetu wana uzoefu kuliko umri wa baadhi yetu humu. Festo, simama wakuone." Nikasimama. Watu wakatabasamu. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, mpole, akaniuliza bila haraka: "Mzee wetu, wewe ndiye uliyekuwa pale. Una wasiwasi wowote na karatasi yako?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Vidole vilikuwa vinaigusa. Nikaona nikiitoa nitaeleza kwamba nimedanganya, kwamba mkwe wangu anaona kuliko mimi, kwamba nilinong'ona mahali palipokatazwa kunong'ona. Mbele ya watu wote wale, na Kaduma akitazama.

"Sina wasiwasi, mama," nikasema.

Nikakaa. Mfereji ukaruhusiwa.

Nimemtaja Kaduma na sirudi nyuma. Aliwataka wahesabuji waliokubaliana, si ndege. Alimnyima yule binti wiki mbili, akastaafu kwa sherehe na godoro la zawadi. Mwenye shamba naye alijua anachokitafuta. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa swali lile akiwa na jibu mfukoni.

Kiangazi kilichofuata niliona. Maji yalipungua, matete yakakauka kuanzia chini, na ndege wakaanza kutoka. Walitoka makundi kwa makundi, mahali palepale alipopaandika Amani, wakatembea juu ya tope wakitafuta maji yalipokwenda. Punje zangu ishirini hazikutosha. Nilisimama nikihesabu ndege ambao kwenye faili la Iringa hawapo. Masanja alikuwa kando yangu na fimbo yake begani.

"Si ulisema hawakupiti?" akauliza. Aliuliza tu, hakuwa na hasira. Alidhani ni bahati mbaya ya kazi.

Kiangazi cha pili bwawa lilikuwa uwanja. Ng'ombe wengine walikufa njiani wakitafuta maji, wengine aliwauza wakiwa mifupa, na familia ikahamia Chunya. Daktari Atupele aliacha kazi. Mimi niliomba kustaafu kabla ya umri, nikaambiwa nimeitumikia ofisi vizuri. Amani bado ananiheshimu, na siku akija na Neema ananisalimia akiwa ameinama vilevile. Sijapata ujasiri wa kumwambia ainue uso.

Kwa hiyo, vijana, mkichagua njia ya kuhesabu, msiulize tu kama hesabu zake ni nzuri. Ulizeni ni akina nani watakaosimama ukingoni. Msimpange mtu na mkwe wake, wala na mwalimu wake, wala na anayemsainia posho. Wageuzeni migongo, au mmoja akae ng'ambo ya kichuguu. Karatasi ziingie kwenye bahasha mbili zigundishwe palepale kabla hamjanywa hata chai pamoja. Na zikifanana mstari kwa mstari, msiwapongeze. Warudisheni wakahesabu upya.

Mwaka jana nilikwenda Chunya. Nilimkuta Masanja kwenye vumbi, ana mbuzi tisa na kazi ya kulinda karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alifurahi kuniona, akaagiza soda. Nikamwambia yote: kuongea, karatasi ya Amani, ukumbi wa Iringa. Alikuwa anafunga kamba ya mbuzi iliyokatika, akaendelea kuifunga.

"Hiyo karatasi ya mkweo ilikuwa mfukoni mwako?"

"Ilikuwa mfukoni."

"Wakati yule mama anakuuliza?"

"Wakati ananiuliza."

Akaivuta kamba kuona kama imeshika.

"Wanangu wanajua aliyetuhamisha ni mwenye shamba," akasema. "Mkubwa alitaka kumfuata na panga, nikamzuia kwa kumlilia. Wewe wanakuulizia mpaka leo. Baba mdogo hajambo? Baba mdogo anakuja lini? Wako shimoni, wanapanda saa kumi. Kaa, uwaambie mwenyewe, kama ulivyoniambia mimi."

Ilikuwa saa tisa na kitu. Nikasimama, nikapangusa suruali, nikamwambia nina basi la kuwahi.

Basi la mwisho la Mbeya lilikuwa limeshaondoka. Lilipita mbele yetu likipiga honi wakati nikieleza habari za ukumbi, na Masanja ndiye aliyeniashiria nisubiri vumbi lake litulie ndipo niendelee. Alinitazama usoni muda mrefu.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Wahi."